Glasi 72 zilitoka Kariakoo, 31 ndizo zilizofika Katuba

Mimi nakodisha vyombo vya sherehe hapa Katuba, Lubumbashi: sahani, sufuria kubwa, vijiko, glasi. Glasi kuvunjika si habari kwangu, kila ndoa ina mjomba wake wa kuangusha moja. Ila kuvunjikiwa kabla hazijaonja hata tone, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Niliagiza dazeni sita za glasi za shampeni, zile za mguu mrefu, kwa muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam. Tulipatana kwa WhatsApp, dola moja na nusu kila glasi. Kusafirisha nikawapa ajansi ya hapa Lubumbashi inayokusanya mizigo ya watu wengi kwenye lori moja: Tunduma, Zambia, mpakani Kasumbalesa, hadi huku kwetu Kongo. Siku 19. Simu walipokea kila nilipopiga, na mambo ya forodha walimaliza wenyewe. Hapo sina neno.

Msiba niliusikia kabla sijauona. Kijana wa depo alipoweka katoni juu ya meza, ililia kama changarawe ndani ya sufuria. FRAGILE imeandikwa kwa kalamu nyekundu pande zote nne, na mshale wa kuonyesha juu unatazama chini. Kufungua nikakuta glasi zimelazwa kichwa kwa mguu kama dagaa, safu juu ya safu, na kati ya safu karatasi ya gazeti. Moja! Matumbo mengi yalikuwa mazima. Kilichokatika ni shingo, pale mguu unapokutana na kikombe, kwa sababu safu za juu zilikuwa zinalalia hapo kila lori lilipoingia shimoni. Usiku nilihesabia sakafuni, viatu mguuni: 41 za kutupa, 31 nzima.

Nikarudi depo kwa yule kijana. “Mama, ni barabara, haiko siye.” Halafu akageuza risiti yangu. Nyuma, kwa herufi za ukubwa wa chawa, imeandikwa kwa Kifaransa kwamba vitu vya kuvunjika ni juu ya mteja. Nikamuuliza kwa nini hawakunisomea siku ya kulipa. Akacheka kidogo, kwa aibu nadhani.

Muuzaji naye: “Dada yangu, nilikuwa nakupunguzia gharama.” Na kweli hakudanganya. Ajansi inatoza kwa nafasi ambayo mzigo unakula ndani ya lori, haitozi kwa kilo. Glasi zilitoka kiwandani kwenye vikasha vya sita sita, kila moja na chumba chake cha karatasi ngumu. Yeye akatupa vikasha, akabana zote kwenye katoni moja badala ya mbili. Niliokoa dola 12 za usafiri, nikapoteza dola 61 na nusu za glasi. Jumamosi ya sherehe ilipofika nikaenda kukodi za mwenzangu wa Kamalondo, mimi mwenye biashara ya kukodisha.

Habari ya barabara siikubali. Mayai tunayokula Lubumbashi mengi yanatoka Zambia, yanapita Kasumbalesa ile ile, mashimo yale yale, na nayapata sokoni mazima. Yai halina nguvu kuliko glasi. Lina trei tu, kila moja na kiota chake, haligusani na mwenzake.

Kwa hiyo ajansi nyota mbili kati ya tano, kwa ajili ya simu na forodha. Muuzaji nyota mbili pia, maana glasi zenyewe ni nzuri, nyembamba, zinalia vizuri ukizigonganisha. Nimeshaagiza dazeni nyingine tatu kwake. Safari hii nimemwambia asitupe vikasha vya kiwandani, aviweke ndani ya katoni kubwa, ajaze mabaki ya sponji ya magodoro chini, juu na pembeni, kisha aitikise mbele ya kamera. Ikilia, afungue aanze upya. Video ya kwanza ililia. Ya pili ilinyamaza, nikatuma pesa.

Zile 31 nimezihifadhi vichwa chini kwenye trei za mayai.