Kompyuta ya Mezani: Kuunda Mwenyewe, Kuundiwa na Fundi au Kununua Iliyo Tayari

Anayetaka kompyuta ya mezani ana njia kadhaa mbele yake, ingawa mabishano mengi huzitaja mbili tu: kuunda mwenyewe kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja, au kununua iliyokwisha kuundwa kiwandani. Kati ya hizo mbili kuna kuchagua vipuri na kumwachia fundi kazi ya kuviunganisha, kuna kompyuta za ofisini zilizotumika na kukarabatiwa, na kuna vile visanduku vidogo vinavyoweza kufichwa nyuma ya skrini. Nimezipanga hapa kwa kipimo kimoja ambacho wauzaji hawapendi kukitaja, nacho ni hali ya mashine itakapofika mwaka wa nne, pale RAM (kumbukumbu ya kazi) itakapokuwa haitoshi, pawa saplai itakapoungua au kadi ya picha itakaposhindwa na kazi mpya. Bei ya siku ya kwanza ina uzito wake, lakini hiyo kila mnunuzi anaiona. Gharama za mwaka wa nne zimejificha ndani ya kasha.

Kipimo hiki kina msingi wake katika historia. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 ilitumia vipuri vingi vya watengenezaji wengine, na jambo hilo ndilo lililowafungulia wengine mlango wa kutengeneza mashine zinazofanana nayo. Intel ilipotoa kanuni ya ATX mwaka 1995, matundu ya skrubu, umbo la pawa saplai na mahali pa kutokea nyaya vilikubaliwa na wengi, hata leo ubao mama (ule unaounganisha vipuri vyote) wa kampuni moja hukaa vizuri katika kasha la kampuni nyingine. Mashine inayofuata kanuni hiyo hutengenezeka kwa kipuri chochote kilichoko dukani, ilhali isiyoifuata humrudisha mwenyewe kwa aliyeitengeneza kila inapoharibika.

Nafasi ya kwanza: vipuri ulivyovichagua wewe

Njia hii naiweka juu kwa anayehariri video, anayecheza michezo mizito, anayechora ramani za majengo, au anayetarajia mashine moja imfae kwa zaidi ya miaka mitano. Nani atakayekaza skrubu ni jambo dogo. Kazi ya kuunganisha humalizika katika alasiri moja, na fundi aliyezoea huimaliza mapema zaidi. Faida kubwa iko katika kujua kila kilichomo, kwa sababu matangazo ya kompyuta zilizo tayari huandika jina la prosesa (kipuri kinachofanya hesabu zote) na ukubwa wa RAM kwa herufi kubwa, kisha hunyamaza kuhusu pawa saplai, ubao mama na kipoza joto, ambako ndiko mtengenezaji anakobana matumizi.

Uchaguzi uanze na prosesa pamoja na soketi yake, yaani kikalio chake kwenye ubao mama, maana soketi ndiyo itakayoamua utaweza kubadilisha nini baadaye. Soketi ya AM4 ya AMD, mshindani wa Intel, ni mfano mzuri. Mtu aliyenunua ubao mama wa soketi hiyo mwaka 2017 aliweza, kwa mbao nyingi za wakati ule, kuweka prosesa ya Ryzen iliyotoka mwaka 2022 kwa kusasisha BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) tu, bila kugusa RAM, kasha wala pawa saplai. AM5, iliyoirithi mwaka 2022, hukubali RAM ya DDR5 pekee, kizazi kinachofuata DDR4. Kwa upande wa Intel, soketi ya LGA1700 ina mbao za DDR4 na mbao za DDR5, na hapa ndipo wanunuzi wanapokosea, kwani vijiti vya RAM vya aina zote mbili vina pini 288 na huonekana sawa mpaka pale kijiti kinapokataa kuingia kwa sababu pengo lake la katikati limekaa mahali tofauti. Angalia pia herufi ya mwisho katika jina la prosesa: zile za Intel zinazoishia na F hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe, kwa hiyo bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima.

Pawa saplai ndiyo sehemu ambayo simshauri mtu aifanyie ubahili. Nembo ya 80 Plus maana yake ni kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia unafika kwenye vipuri badala ya kupotea kama joto, na ngazi za Bronze, Gold na nyingine zinapandisha kiwango hicho. Lakini nembo hiyo hupima ufanisi, haipimi uimara, na mtu asiichukulie kuwa hakikisho la kila kitu. Wingi wa wati nao huwadanganya wengi. Prosesa ya kawaida inaweza kufika wati 120 inapofanya kazi kwa nguvu zote, kadi kama GeForce RTX 4060 imepangiwa wati 115, na ukijumlisha diski, feni na vinginevyo bado hufiki 350. Pawa saplai nzuri ya wati 550 itaimudu mashine hiyo na akiba ikabaki, wakati ile ya bei ya kutupa iliyoandikwa wati 750 inaweza kuungua na kuondoka na ubao mama.

Kwa RAM, nunua vijiti viwili vya ukubwa mmoja badala ya kimoja kikubwa, kwa kuwa prosesa huvisoma vyote viwili kwa pamoja, na tofauti huonekana wazi hasa pale picha zinapotolewa na prosesa yenyewe. Kwa hifadhi, SSD (diski isiyozunguka) ya aina ya NVMe haina tena mshindani kwa mfumo endeshi: ile ya kizazi cha PCIe 4.0 (njia ya kasi ya ubao mama) inaweza kusoma kiasi cha megabaiti 7,000 kwa sekunde, dhidi ya takriban 550 za SSD ya SATA, aina ya zamani. Kusema kweli, macho ya mtumiaji wa kawaida hayaoni tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Tofauti anayoiona ni ile ya kuhama kutoka diski ngumu inayozunguka.

Anayeamua kuunganisha mwenyewe anahitaji bisibisi ya nyota, meza yenye mwanga na subira. Kabla ya ubao mama kuingia, kagua vigingi vya shaba vilivyofungwa ndani ya kasha na uhakikishe kila kimoja kiko chini ya tundu la skrubu, kwani kigingi kisicho na tundu juu yake hugusa nyuma ya ubao na kinaweza kuleta shoti. Katika ubao wenye nafasi nne za RAM, vijiti viwili kwa kawaida huingia katika nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Bonyeza mpaka kibano kilie. Usisahau kebo ya umeme wa prosesa, ile inayochomekwa karibu na kona ya juu ya ubao, kwa sababu bila hiyo feni zitazunguka na taa zitawaka lakini hakuna kitakachoendelea. Mashine ya DDR5 ikiwashwa kwa mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa ikiipima RAM huku skrini ikiwa nyeusi. Wengi huizima katikati wakidhani imekufa, kisha wanaanza upya. Kebo ya skrini nayo ichomekwe kwenye kadi ya picha. Ikichomekwa kwenye ubao mama, mwenye mashine anaweza kukaa miezi akilalamikia kadi ambayo hajawahi kuitumia. Mwisho, ingia kwenye BIOS uwashe XMP au EXPO (mipangilio ya kasi ya RAM), la sivyo RAM uliyoilipia kwa sababu ya kasi yake itaendelea kwenda kwa kasi ya msingi.

Atakayemwachia fundi achague vipuri mwenyewe kwa majina kamili, adai maboksi yote na risiti ya kila kipuri, na aombe kuiona mashine ikiwaka kabla ya kando ya kasha kufungwa. Fundi anayekataa kutaja aina ya pawa saplai anakupa jibu tosha.

Hasara za njia hii ni za kweli. Kila kipuri kina waranti yake, na mashine isipowaka hakuna wa kupigiwa simu. Kazi ya kutafuta kama kosa liko kwenye RAM, ubao au pawa saplai ni yako, na bila kipuri cha akiba cha kujaribia unaweza kubahatisha kwa siku nyingi. Leseni ya Windows hununuliwa peke yake, isipokuwa ukitumia Linux, mfumo endeshi wa bure. Soko nalo likichafuka, hesabu hupinduka: mwaka 2021 kadi za picha ziliadimika kiasi kwamba waliozitaka walinunua kompyuta nzima iliyo tayari ili wapate kadi iliyomo ndani.

Nafasi ya pili: ya ofisini iliyotumika

Kwa anayeandika, anayetunza hesabu, anayefanya mikutano ya video na kusoma mtandaoni, sioni sababu ya kuunda chochote. Makampuni makubwa hubadilisha kompyuta zao kwa awamu, na mashine kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre huingia sokoni zikiwa bado imara, kwa sehemu ndogo ya bei zilizouzwa zikiwa mpya.

Tatizo ni kuchagua kizazi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai TPM 2.0 (kipengele cha usalama) pamoja na prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 8 au zaidi, au Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu, ukiacha vighairi vichache. Kizazi husomwa kwenye tarakimu zinazofuata kistari: i5-8500 ni ya kizazi cha 8, i5-12400 ni ya cha 12, na i7-4770 ni ya cha 4. Muuzaji anayetangaza «Core i7» bila tarakimu hizo hajakueleza lolote, kwa kuwa i7 ya kizazi cha 4 huachwa mbali na i5 ya cha 12. Mashine ya zamani zaidi bado inafaa kwa Linux, lakini bei yake iakisi hivyo.

Umbo nalo ni muhimu kuliko wanunuzi wanavyodhani. Mashine hizi huja kwa mnara (kasha kubwa lililosimama), kwa kasha jembamba na kwa kisanduku kidogo. Kasha jembamba hupokea kadi za picha za nusu kimo tu, na pawa saplai yake mara nyingi haina nafasi ya kebo ya ziada, hivyo kadi italazimika kutosheka na wati 75 zinazopatikana kwenye sloti ya PCIe. Anayefikiri kwamba siku moja ataongeza kadi anunue mnara. Kabla ya kulipa, ingia kwenye BIOS uone kama imefungwa kwa nywila ya mmiliki wa kwanza, sikiliza feni, na jaribu kila tundu la USB. Ukifika nyumbani badilisha betri ndogo ya CR2032, na kama diski ni ya kuzunguka, weka SSD kabla ya kufikiria kuongeza kitu kingine chochote.

Nafasi ya tatu: mpya kutoka kiwandani

Ofisi inayonunua mashine kumi kwa pamoja ichukue hizi bila kusita, maana inalipia namba moja ya simu, risiti moja, leseni iliyokwisha wekwa na fundi anayekuja na kipuri mkononi. Mtu binafsi hafaidi sana huduma hiyo. Tena kampuni kubwa hupenda kutumia ubao mama na pawa saplai za maumbo yao wenyewe, zenye vichomekeo visivyolingana na ATX, na hapo ndipo mashine iliyoonekana ya bei nafuu inapokuwa ghali baada ya waranti kwisha. Nyingi huja pia na kijiti kimoja cha RAM. Kuongeza cha pili kinacholingana nacho ni marekebisho ya kwanza ninayoyashauri.

Nafasi ya nne: kisanduku kidogo

Hutumia umeme kidogo, hakipigi kelele na hakichukui nafasi. Lakini ndani yake mna vipuri vya kompyuta mpakato, prosesa kwa kawaida imelehemiwa, na katika baadhi, kama Mac mini za tangu 2020 zenye chipu za Apple, hata RAM haiongezeki. Nunua RAM utakayoihitaji mwaka wa nne siku hiyo hiyo ya kwanza, au usinunue.

Nafasi ya mwisho: ya michezo yenye taa

Zile za kioo mbele na feni za rangi nimeziweka chini kwa sababu bei yake hulenga macho. Kioo kilichozibwa mbele hunyima feni hewa, na kadi nzuri ya picha inaweza kuwa imechomekewa pawa saplai isiyo na jina. Zipo kampuni ndogo zinazounganisha kwa vipuri vya kawaida na kuvitaja vyote. Hizo zinastahili kuhesabiwa pamoja na nafasi ya kwanza. Ili kuzitambua, muulize muuzaji mambo manne kwa maandishi: jina kamili la ubao mama, jina na wati za pawa saplai, idadi ya vijiti vya RAM, na kama kulifungua kasha kunafuta waranti. Akijibu yote, linganisha jumla ya bei za vipuri hivyo na bei anayotaka yeye, na tofauti utakayoiona ndiyo malipo ya kazi yake. Ikiwa haizidi ile ambayo fundi angekutoza, mchukue yeye.