Supernatural: misimu 15, halafu nondo

Kama hujamaliza Supernatural, ile tamthilia ya Kimarekani ya ndugu wawili, Sam na Dean Winchester, wanaowinda pepo na mazimwi, ishia hapa hapa, maana sitaficha kitu. Nina hasira, na kinachonikasirisha ni nondo. Si pepo, si malaika, si Lusifa mwenyewe. Ni nondo ya ujenzi, ile ya kumwagia zege, imechomoza kwenye nguzo ndani ya banda. Dean Winchester anasukumwa kinyumenyume, mgongo unaifuata, basi. Amekwisha.

Naipa nyota mbili. Moja ya Castiel, yule malaika rafiki yao, moja ya Impala, gari lao.

Nilichelewa kuianza. Marekani walianza kuionyesha Septemba 2005 na wakaifunga Novemba 2020, sehemu 327 kwa jumla, na mimi nilipoishika wenzangu walikuwa wameshaimaliza zamani. Niliiangalia na mdogo wangu wa kiume, usiku, sehemu mbili mbili, tatu tatu, hakuna ruhusa ya mmoja kumtangulia mwenzake. Tumezaliwa wawili tu na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo ule ubishi wa mashabiki kuhusu Sam na Dean nani zaidi kwangu haupo. Dean ndiye aliyekabidhiwa mdogo wake mikononi akiwa na miaka minne, nyumba inawaka moto, mama yuko darini anaungua, baba anamwambia mtoe mdogo wako nje na usigeuke nyuma. Tangu usiku ule hakumweka chini. Sisi wazaliwa wa kwanza tunajua mzigo ule una uzito gani.

Sasa mtu huyo unamuua kizembe?

Hebu tukumbushane amepita wapi. Mwisho wa msimu wa 3 mbwa wa kuzimu walimrarua mbele ya macho ya Sam, akaenda motoni, akarudishwa. Kuna ile sehemu ya Jumanne isiyoisha, Sam anaamka kila asubuhi wimbo uleule unalia redioni, na kila siku kaka yake anakufa kwa njia mpya, zaidi ya mara 100. Dean alimuua Mauti mwenyewe. Alibeba alama ya Kaini mkononi. Na sehemu moja tu kabla ya ile ya mwisho, wote wawili pamoja na Jack, yule kijana wa Lusifa waliyemlea, wamemvua nguvu yule Chuck, ndiye Mungu wa hadithi hii, aliyekuwa anawaandikia maisha yao kama hadithi. Wamekuwa huru kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Dean amepata mbwa. Amekwenda kwenye tamasha la mikate ya matunda, chakula anachokipenda kuliko vyote, na Sam amempaka kimoja usoni. Tulicheka. Mdogo wangu alisema, "Dada, hawa sasa watapumzika."

Dakika chache baadaye, nondo.

Nilisimamisha picha. Nikamwambia mdogo wangu huu ni mtego, lazima ni jini linamwotesha, kama lile la msimu wa 2. Tukaendelea. Haukuwa mtego. Wanyonya damu wenyewe hata sura hukumbuki, wamevaa vinyago, hawana historia naye isipokuwa mstari kwenye daftari la zamani la baba. Mmojawao alionekana msimu wa 1, ndiyo, lakini nani aliyekuwa anamngoja huyo?

Mdogo wangu akaniambia, "Dada, siku ya kufa nyani miti yote huteleza." Nilimkasirikia kweli. Nyani huyu miti imemteleza mara mia na mara zote ameinuka, na walioandika hadithi ndio waliomwinua. Ukishanizoesha kwamba kifo hakimshiki, ukanifanya nilie na kufuta machozi msimu baada ya msimu, huwezi kuniletea chuma cha ujenzi dakika za mwisho ukasema sasa hiki ndicho cha kweli. Mtu aliyemtoa Mungu kwenye kiti chake haponzwi na uzembe wa fundi.

Kuna wanaotetea kwamba ni korona. Ni kweli upigaji picha ulisimama Machi 2020 zikiwa zimebaki sehemu mbili, na waliporudi Agosti walikuwa na masharti mengi, watu wachache mahali pamoja. Hilo linaeleza kwa nini mbinguni alikofika Dean kulikuwa kutupu vile, Bobby, yule mzee aliyekuwa kama baba yao, peke yake kibarazani. Nondo halielezi.

Halafu Castiel. Hapa naomba mnivumilie.

Sehemu ya 18 ya msimu wa mwisho, ile iliyoonyeshwa tarehe 5 Novemba 2020 wakati Wamarekani bado wanahesabu kura zao za urais, Castiel na Dean wamejifungia chumbani, Billie, aliyerithi kazi ya Mauti, anagonga mlango. Castiel alishaweka ahadi tangu msimu wa 14 ili kumwokoa Jack: siku atakayoionja furaha ya kweli, lile Giza Tupu wanakokwenda malaika wakifa litakuja kumchukua. Kwa hiyo anaichokoza furaha hiyo kusudi. Anamwambia Dean kwamba anampenda. Anamwambia kwamba yote ambayo Dean ameyafanya, mabaya na mazuri, aliyafanya kwa ajili ya upendo. Machozi yanamtoka huku anatabasamu. Kisha anamshika bega, bega lilelile alilomshika alipomtoa motoni msimu wa 4 na kumwachia alama ya kiganja, anamsukuma kando, na Giza linammeza yeye na Billie kwa pamoja.

Angalieni kinachofuata, maana wengi wanakiruka. Dean yuko chini sakafuni, mgongo ukutani. Alama ya kiganja cha damu iko kwenye koti lake begani. Simu inaita. Kioo kinaonyesha jina la Sam. Dean, ambaye si mtu wa kuacha simu ya mdogo wake iite bure, anaitazama tu. Anaiweka chini, anajifunika uso kwa mikono, analia. Hakuna muziki mkubwa. Simu inaita tu.

Tamthilia iliyoweza kuandika dakika ile ingeshindwa nini?

Ikashindwa. Sehemu mbili zilizobaki, Castiel hayupo. Hakuna anayekwenda kumtafuta. Hawa ndio watu ambao wamevunja milango ya kuzimu kwa ajili ya mtu mmoja! Bobby ndiye anayemtaja mbinguni, kwamba Jack alipatengeneza upya na Cas alisaidia, na Dean anatabasamu. Tabasamu tu. Mashabiki walipokuja kusikia toleo lililoingizwa sauti za Kihispania, ambamo Dean anamjibu Castiel kwamba naye anampenda, moto uliwaka upya na hadi leo haujazimika. Mimi sina ugomvi na wanaosema Dean alimpenda kama ndugu, wala na wanaosema zaidi ya hapo. Nilichotaka ni jibu. Lolote. Mtu amekufa kwa ajili ya kukwambia neno, mjibu.

Na Eileen. Mwindaji kiziwi, aliyeigizwa na mwigizaji ambaye ni kiziwi kweli, Sam alijifunza lugha ya ishara kwa ajili yake, wakapendana. Sehemu ya mwisho Sam anazeeka, ana mtoto, na mama wa mtoto ni kivuli cha mwanamke kule nyuma, hata uso hauonekani. Kwa nini? Ingetosha mkono mmoja unaofanya ishara dirishani. Lile wigi la mvi silisemi, wameshalisema watu mpaka wamechoka.

Kuna mtu, shabiki mwenzetu wa siku nyingi, nilipomweleza haya alinijibu kwamba ni maigizo tu na wenye akili wameshasahau. Lilinikaa kooni lile. Mdogo wangu alihama kwenda kusoma mbali kidogo baada ya sisi kufika msimu wa 11, na kwa miezi ile hadithi hii ndiyo ilikuwa sababu yetu ya kupigiana simu kila wiki. Tulikuwa tunahesabu tatu, mbili, moja, halafu kila mmoja anabonyeza kwake. Tukimaliza tunabaki kwenye simu tunabishana kuhusu Crowley, yule mfalme wa kuzimu. Usiniambie ni maigizo tu.

Nimeandika mpaka hapa nikairudia ile sehemu ya mwisho ili nisimsingizie mtu, na sasa sina uhakika na zile nyota mbili.

Maana kuna dakika za pale kwenye nguzo. Nilivyoiangalia mara ya kwanza sikuzisikia, nilikuwa nimekodolea macho nondo. Sam anapitisha mkono mgongoni mwa kaka yake, mkono unarudi na damu, anataka kukimbilia gari kutafuta msaada. Dean anamwambia abaki. Na kisha anamsimulia ule usiku wa sehemu ya kwanza kabisa, alipokwenda kumchukua chuoni Stanford. Anasema alisimama nje kwa saa nyingi, hajui aingie au aondoke, kwa sababu aliogopa Sam angemfukuza. Miaka 15 amelificha hilo. Kisha anaomba kitu kimoja: mdogo wake amwambie kwamba ni sawa. Hawezi kwenda bila kuambiwa. Na Sam, uso umemlowa, anaweka paji lake la uso karibu na la kaka yake, anamwambia ni sawa, unaweza kwenda.

Mimi mkubwa wa kwetu nilikisikia kile. Sisi hatuombagi ruhusa. Hatujui hata kama inaombwa.

Kwa hiyo nasema hivi. Wanaoshauri watu waishie msimu wa 5, pale Eric Kripke aliyeianzisha alipokuwa amepanga iishie, wana hoja nzito, na Sam kumshinda Lusifa kwa sababu macho yamekutana na kile kiaskari cha kuchezea alichokikwamisha utotoni kwenye kisahani cha majivu cha Impala ni mwisho mzuri kuliko huu, sibishi. Lakini ukiishia pale hutamjua Jack wala Eileen, hutaiona ile simu inayoita, hutajua Dean alisimama nje ya mlango. Angalia yote. Nyota nne. Nondo inabaki kuwa kosa na nitalisema hilo mpaka kesho, ila angalia yote.

Mdogo wangu yuko likizo. Jana usiku tulirudi sehemu ya kwanza. Tulipofika pale Sam anashtuka usingizini, anasikia mtu ameingia ndani gizani, wanakabana, kumbe ni Dean amelala chini anacheka na kujifanya amekuja kutafuta bia, mdogo wangu akasimamisha picha.

"Dada," akasema, "saa zote zile alikuwa hapo nje."