Difu za Range Rover ndani ya Land Rover fupi ya Series III: tathmini baada ya mwaka mmoja

Land Rover yangu ni ya Series III, ile fupi ya inchi 88 kutoka ekseli hadi ekseli, yenye injini ya petroli ya lita 2.25 na tairi za 7.50-16. Tangu mwaka jana inatembea kwa difu mbili (gia za katikati ya ekseli zinazozungusha magurudumu) zilizotolewa kwenye Range Rover ya zamani iliyochinjwa kwa ajili ya spea, na kwa kuwa hapa Arusha magari haya bado yanafanya kazi na wenyewe wanaulizana kila siku namna ya kuyatuliza kwenye lami, naona inafaa nieleze nilichopata kwa fedha yangu. Difu zote mbili zilinigharimu chini ya bei ya tairi nne mpya, na ovadraivu, yaani gia ya ziada ya kutuliza injini barabarani, hata iliyotumika, isingepatikana kwa fedha hiyo.

Kilichonisukuma ni barabara ya Moshi. Difu za kiwandani za Series zina uwiano wa 4.7 kwa 1, maana yake propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inazunguka karibu mara tano ili tairi lizunguke mara moja, na uwiano huo ulichaguliwa kwa gari la shamba lenye nguvu za farasi zipatazo 70, lililotarajiwa kuvuta tela matopeni na si kukimbizana na mabasi. Kwa tairi nilizonazo, mwendo wa kilomita 80 kwa saa unaifanya injini izunguke karibu mara 2,900 kwa dakika, na kwa kelele hizo abiria anayetaka kusema neno hana budi kusubiri kituo kinachofuata. Range Rover ilipewa uwiano wa 3.54 kwa 1 kwa sababu ilikuwa na injini ya V8. Ukiuhamishia uwiano huo kwenye Series, mwendo uleule unahitaji mizunguko ipatayo 2,200 tu, yaani robo nzima imepungua bila kugusa injini wala giaboksi.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba hakuna kukata wala kuchomelea. Kichwa cha difu cha Range Rover kinaingia kwenye nyumba ya ekseli ya Series kwa matundu yaleyale kumi ya nati, na kwa kuwa kinatoka kizima, krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo zinazoshikana ndani yake) zikiwa zimeshapangwa, fundi hahitaji vifaa vya kupima nafasi ya meno. Nyuma ilikuwa kazi ya asubuhi moja: kumwaga oili, kuvuta hafushafti (shafti za ndani ya ekseli zinazozungusha magurudumu) pande zote mbili, kufungua propela, kutoa kichwa cha zamani na kuweka kipya. Mbele ndiko kwenye jasho, kwa sababu shafti hazichomoki mpaka uachanishe nyumba za usukani na ekseli, na hapo unagusa paipu za breki na tairodi. Tulimaliza siku ya pili jioni, breki zikiwa zimetolewa upepo upya. Usikubali fundi akushawishi abadilishe nyuma tu ili muone kwanza, maana siku utakayoingiza foo-wili, ekseli mbili zenye uwiano tofauti zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Sasa nieleze kilichonikera. Muuzaji wa kwanza aliniapia kwamba difu zote za Range Rover ni zilezile, nikanunua, nikarudi gereji, na shafti ikagoma kuingia. Shafti za Series zina meno 10 kwenye ncha inayoingia kwenye difu, ilhali Range Rover na Discovery za kuanzia takriban mwaka 1993 na 1994 zilihamia meno 24, kwa hiyo kinachotufaa sisi ni difu ya gari la kabla ya hapo. Kosa la kwanza lilikuwa langu, kwa kuwa ningeweza kuchungulia ndani ya difu na kuhesabu meno palepale dukani, lakini kukataa kurudisha hata nusu ya fedha lilikuwa la kwake. Kwa jozi ya pili nilikwenda na chaki. Nilichora alama kwenye krauni, nikazungusha flanji ya pinioni, pale propela inapofungwa, kwa mkono, na krauni ilikamilisha mzunguko mmoja flanji ikiwa imezunguka mara tatu na nusu na kidogo, nami nikajua ni 3.54. Ikikaribia mara tano, unauziwa difu kama ile unayotaka kuitoa. Linganisha pia flanji na propela yako, kwa sababu matundu ya boliti ya Range Rover hayalingani na ya Series; kwangu tulihamisha flanji za zamani na kuweka oilsili mpya. Mwisho, kama difu zote mbili zinatoka gari moja, ya mbele iende mbele na ya nyuma ibaki nyuma, ili meno yaendelee kufanya kazi kwa upande ule yaliokwisha kulainika.

Barabarani nimeridhika zaidi ya nilivyotarajia. Kwenda Moshi kumekuwa safari ya kawaida, injini inapumua, oili haichemki kama zamani, na mafuta yamepungua kwenye lami ingawa mjini sioni tofauti yoyote.

Milimani hali ni nyingine. Kupanda kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu nilikuwa nikitumia gia ya tatu, sasa napanda kwa ya pili, nyuma yangu ukiwa msururu wa magari ya watalii, na fundi wangu alipopanda nami alisema kwa upole, “Mzee, gari hili tumelinyang'anya gia moja.” Hakukosea. Kuondoka kwenye mwinuko ukiwa na mzigo kunahitaji kuikalia klachi zaidi, na sahani yake italipa gharama hiyo siku moja. Gia fupi za transfa, giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, nazo zimerefuka: gia ya kwanza kwenye lo (gia fupi) ilikuwa ikizidisha nguvu ya injini kama mara 40, sasa ni mara 30, na tofauti hiyo unaihisi unaposhuka korongo la mawe, gari likiharakisha pale ambapo zamani lilijikokota lenyewe na mguu uko mbali na breki. Anayeishi kwa kazi ya mashambani au porini atafute seti ya gia za transfa inayobadilisha gia ndefu peke yake, japokuwa bei yake haifanani kabisa na hii. Mwenye injini ya dizeli ya lita 2.25, ambayo tangu zamani haina pumzi, asiguse.

Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni spidometa. Waya wake unatoka kwenye transfa, kwa hiyo inahesabu propela na si tairi, na sasa inadanganya kwa robo. Mshale ukionyesha 60 gari liko kwenye 80, na kijijini unapodhani unatembea 50 kwa adabu, unatembea 66, na askari mwenye tochi hatasikiliza habari za difu. Nimebandika karatasi yenye hesabu mpya kando ya saa hiyo. Hata kilomita za kubadilisha oili ninazihesabu upya, kwa kuwa kila 1,000 zinazoandikwa ni zaidi ya 1,300 zilizotembewa.

Wenye Land Rover ndefu, zile za inchi mia na tisa, wasidanganyike na maelezo haya. Series III ndefu nyingi zina ekseli ya aina nyingine nyuma, iitwayo Salisbury, na difu ya Rover kama hizi zangu haiingii humo hata kidogo. Mbele ingeingia, lakini mbele peke yake haina maana. Difu zangu za zamani bado zipo, nimezipaka oili na kuzifunga kwenye nailoni, na jirani yangu mwenye mia na tisa ambaye difu yake ya mbele inalia ameshaniuliza bei mara mbili. Moja nitampa, maana kwa mbele ni ileile.