Boksi la spana la jeshi, nimeridhika kabisa
Jamani hili duka la vitu vya zamani huku Uingereza nimelipenda, nimechukua boksi la spana la chuma la jeshi na mzee muuzaji hakunibania hata kidogo, alinipa tochi nikague mwenyewe. Nikafuta vumbi ndani ya mfuniko nikakaona kale kamshale ka mistari mitatu, ndo alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na pembeni umegongwa mwaka 1943, nilifurahi mno! Wana na ya Marekani, hayo we hesabu tarakimu za namba ya stoo, ile jeshi linayopa kila aina ya kifaa, zikiwa 11 ni ya kabla mfumo wa hizo namba haujabadilishwa 1974, zikiwa 13 ni ya baadae. Bei imechangamka, bawaba zina kutu, ila msipige rangi upya aisee mtayafuta maandishi yote.