Blanketi la Herdwick, la mitumba Owino

Nimelitoa soko la Owino, Kampala, kwa shilingi 45,000 baada ya kubishana na muuzaji mpaka koo likakauka. Lebo inasema sufu ya Herdwick, kumbe ni kondoo wa milimani, Lake District huko Uingereza, wanazaliwa weusi alafu wakikua wanageuka kijivu, na hawafungiwi ua, mtoto anajifunza eneo la malisho kwa mamake na habanduki hapo, mbuzi wangu wangejifunza! Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulifanya wengi wakachinjwa. Sasa blanketi lenyewe linawasha balaa, usilalie bila shuka, na ni zito. Ila baridi ya Kapchorwa hailipenyi kabisa. Ila usilifue kwa maji moto, langu limesinyaa pembeni.