TAHADHARI: Anayeuza "dawa ya funza wa maembe" nyumba kwa nyumba, Kibaha

Ndugu zangu wa Kibaha na Mlandizi wenye miembe uani, kuna kijana anapita na bomba mgongoni na chupa za maji zenye kitu cheupe, anauza sh. 15,000 moja. Hazina lebo, kifuniko kimezungushiwa nailoni, na ukifungua kinanuka mafuta ya taa. Jirani yangu, mama mtu mzima, kauziwa mbili na mti wake ukapuliziwa wote.

Anavyowanasa watu ni hivi. Anaokota embe lililoanguka, analipasua, funza wanarukaruka. Anawadondoshea dawa yake, wanatulia. "Umeona, mama?" Hapo hela inatoka. Jamani, funza akiwa nje hata mafuta ya taa matupu yanamuua! Nzi wa matunda jike hutoboa ganda na kutaga humo, funza wakala nyama wakiwa ndani. Ukipulizia juu huwafikii. Embe likidondoka wanatoka, wanajichimbia udongoni, wanageuka nzi wengine.

Hela inauma, ila kilichonitia hofu ni kwamba alipulizia maembe yaliyokwisha kuiva akasema kesho yake yanaliwa. Dawa halali ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na zimeandikwa kwenye lebo. Hii hatujui hata ni sumu gani, na watoto wa mtaani wanaokota embe na kula palepale.

Tena kamwambia mama awachome moto sisimizi wote walio kwenye matawi, wale wekundu tunaowaita maji moto. Msiwachome! Hao sisimizi huwasumbua nzi wasipate kutaga.

Dawa ya kweli imesajiliwa na TPHPA, yaani mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, ina lebo na namba ya usajili. Nunua duka la pembejeo, dai risiti. Kwa mti mmoja au miwili, okota yaliyoanguka kila siku, hata yaliyooza, tia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, funga vizuri, acha juani mpaka funza wafe, au yafukie zaidi ya nusu mita. Mitego ya chambo cha methili eujeno, kitu chenye harufu inayovuta nzi hao, inasaidia, lakini inanasa madume tu, kwa hiyo itundikwe mapema na majirani wote.

Aliyekwisha kununua asitumie, wala asimwage chooni au mtaroni. Apeleke chupa kwa afisa kilimo wa kata. Kijana huyo akibisha hodi kwako, piga picha ya chupa na umjulishe mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo. Mara ya mwisho alionekana akielekea Mlandizi.