Boksi, sahani na kiwambo: uzoefu wangu wa kuita bata mzinga mwitu Kentucky

Kwa aliye na haraka: kama mfuko unaruhusu kifaa kimoja tu cha kuiga mlio wa jike ili dume aje, nunua sahani ya sleti na kijiti chake. Boksi lifuate mwaka mwingine. Kiwambo cha mdomoni kinavishinda vyote viwili akikipata mtu anayekiweza, ila kitakusumbua wewe na watu wa nyumbani kwako muda mrefu kabla hakijatoa sauti ya ndege.

Nilivinunua vyote vitatu hapa Louisville, vikiwa kwenye pakiti moja pamoja na chaki, kipande cha msasa na filimbi ya kunguru. Bei haikufika dola 60. Nimevitumia misimu kadhaa ya machipuko, zaidi kwenye ardhi ya umma upande wa Taylorsville Lake. Naandika kwa sababu Waswahili ninaofanya nao kazi ghalani wameanza kuchukua leseni za uwindaji na kila mmoja ananiuliza anunue nini, na maelezo ya kwenye pakiti yameandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua.

Kwanza uelewe unachokwenda kufanya. Msimu wa uwindaji wa machipuko, baridi ikishakwisha, Kentucky hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 15 Aprili, nao hudumu siku 23. Anayeruhusiwa kupigwa ni dume, au ndege yeyote mwenye ndevu, yaani ule mshungi mweusi unaoning'inia kifuani, na karibu kila mara mwenye ndevu ni dume. Usiku hulala juu ya mti, alfajiri huwika, na majike ndio humfuata alipo. Wewe sasa umekaa chini ya mti mwingine, unajifanya jike, na unataka yeye ndiye aje kwako. Unamwomba aende kinyume na desturi ya kabila lake lote. Ndiyo maana mimi husema fedha ziende kwenye kifaa cha kuitia kabla ya kwenda kwenye bunduki mpya. Na usifikirie kutumia simu: kumpigia ndege huyu sauti zilizorekodiwa ni marufuku hapa.

Boksi ni kisanduku chembamba cha mbao chenye mfuniko wa mkono mrefu. Unasugua mfuniko kwenye ukingo wa ukuta, mbao zinatetema, sauti inatoka. Muundo huu ni wa zamani; Henry Gibson wa Arkansas aliupatia hataza mwaka 1897, na yanayouzwa leo hayajauacha mbali. Sifa yake kubwa ni kwamba halihitaji ufundi. Binti yangu alilichukua mezani na papo hapo likatoa mlio wa jike usio na kasoro, nami nikanyamaza tu. Lina nguvu pia. Siku ya upepo, ukiwa juu ya kilima, hakuna kifaa kingine kati ya hivi kitakachofika bonde la pili. Ukuta mmoja hutoa sauti nyembamba ya jike kijana, wa pili sauti nzito ya mama mtu mzima, kwa hiyo ukibadilisha upande unasikika kama ndege wawili.

Ubaya wake ni mvua. Likilowa limekwisha, litalia kama mlango wa banda uliokosa mafuta, na machipuko ya Kentucky ni mvua juu ya mvua. Mzee mmoja wa kazini alinifundisha kulibeba ndani ya mfuko wa nailoni wa mkate na kuliitia humohumo, na kweli inasaidia. Chaki nayo iwe isiyo na mafuta. Mpira unaobana mfuniko ulikuja umechanika, nikaufunga wangu. Ila la kuudhi zaidi ni kwamba linataka mikono miwili na mwendo mwingi, na bata mzinga ana macho ambayo sijui nikueleze vipi. Ukikuna pua ameshakuona.

Sasa sahani. Ni kibakuli kinachoenea kiganjani, juu yake limebandikwa duara la sleti, jiwe lilelile ambalo babu zetu waliandikia shuleni. Ziko pia za kioo na za alumini, ambazo sauti yake ni kali, huenda mbali na hustahimili unyevu zaidi. Sleti ina sauti ya chini, laini, na ndiyo ninayoitaka dume akishakaribia. Usiikumbatie kwa kiganja. Ishike kwa ncha za vidole, maana chini yake kuna matundu ya kutolea sauti, ukiyaziba inakuwa bubu. Pitisha msasa juu ya jiwe kwa mwelekeo mmoja, kisha kijiti kiburutwe kwa kuikatiza ile mikwaruzo. Uso wa sleti usiuguse kwa vidole hata kidogo. Mafuta ya ngozi yanatosha kuuharibu mlio.

Kijiti unakishika unavyoshika kalamu, kimelala kidogo, na ncha haiachani na jiwe. Ukichora viduara vidogo unapata mlio wa kawaida wa jike, kyau-kyau-kyau, mitano au sita kwa mwendo mmoja. Ukikwaruza mara moja kwa ufupi unapata "tok", jike anayewaambia wenzake yupo. Ukikiburuta polepole bila kukandamiza, prrrr, ule mkoromo mwororo wa ndege anayekula bila wasiwasi. Huu wa mwisho ndio unaoifanya sahani iwe juu ya vingine. Boksi huutoa kwa shida, na kiwambo changu hakijauweza hadi leo. Jihadhari tu usije ukakaza mkono ukatoa "pat!" kali ya ghafla, kwa sababu hiyo ndiyo lugha yao ya hatari. Tofauti yake na tok ni ndogo kwa sikio letu, lakini dume akiisikia huondoka bila kugeuka.

Pakiti ilikuwa na kijiti kimoja. Nilipoongeza cha pili cha mbao ngumu zaidi, sahani ileile ikawa na sauti ya jike mwingine kabisa. Sijawahi kutumia dola 10 vizuri hivyo.

Kiwambo ni kifaa cha ajabu. Fremu ndogo ya nusu duara, utando mwembamba wa mpira, unakibandika kwenye kaakaa na kupuliza pumzi itoke kifuani huku ulimi ukikandamiza utando. Siku za mwanzo utataka kutapika. Punguza kingo zake kwa mkasi mpaka zikae vizuri kinywani mwako, shida itapungua sana. Mimi nilifanyia mazoezi kwenye gari wakati wa kwenda kazini, baada ya mama Salma kusimama mlangoni na kuniambia, "Baba Salma, ama hao kuku wako, ama mimi nilale." Kihifadhi kwenye friji, uweke kijiti cha meno kati ya tabaka za mpira zisigandane. Hata hivyo msimu ukiisha nunua kingine, mpira unachoka.

Kwa nini basi nisikitupe? Kwa sababu ya dakika ya mwisho, na hapo nieleze asubuhi inavyokwenda.

Unafika gizani. Kabla jua halijatoka, dume aliye juu ya mti huitikia kelele yoyote ya ghafla kwa kuwika, hata radi au mlango wa gari. Wawindaji hutumia sauti ya bundi. Kwetu Tanga bundi akilia juu ya paa watu hushika dua. Huku mimi ndiye bundi, nalia kwa koo langu mwenyewe na sijaona haja ya kununua kifaa. Filimbi ya kunguru hufanya kazi hiyohiyo jua likishapanda, nayo ni sawa tu. Ukishajua mti alioko, sogea taratibu, lakini usimkaribie sana. Mita 150 zinatosha. Toa milio michache ya sahani, laini. Akijibu, amekusikia. Huna sababu ya kumjibu kila anapowika.

Mara nyingi atashuka na kwenda na majike halisi aliyolala karibu nao, na wengi wakati huo hurudi nyumbani. Usirudi. Majike ya machipuko hutaga, na wakishaanza kuatamia hukaa juu ya mayai kwa siku 28 hivi. Asubuhi ikisonga, kati ya saa tatu na saa tano, wanamwacha na kwenda viotani, naye anabaki peke yake akitafuta. Hapo boksi ndilo kifaa cha saa hiyo: panda ukingo wa kilima, piga kwa nguvu, nyamaza, sikiliza. Akijibu, weka boksi chini na uchukue sahani. Atakaribia, halafu atasimama nyuma ya kijito au uzio, ametandaza mkia na kujitutumua, akingoja jike ajitokeze. Ukizidisha kuita atabaki palepale mpaka jioni. Acha kifaa, kwaruza majani makavu kwa mkono namna ndege anayechakura anavyofanya, kisha ukae kimya.

Anapotokea, mikono yote miwili iko kwenye bunduki ya marisau. Akiwa amejitutumua shingo imezama manyoyani, na marisau ni ya kichwa na shingo, ndani ya yadi 40, zaidi ya hapo ni kumjeruhi. "Tok" moja ya kiwambo, anainua kichwa. Kazi ya kiwambo kwangu ni hiyo moja. Nataja bismillahi kabla ya kufyatua, na nikimkuta bado ana uhai namchinja palepale.

Jambo moja la ardhi ya umma: jike mtamu unayemsikia huko bondeni anaweza kuwa mtu mwenye sahani kama yako. Usiifuate sauti kwa kunyatia. Kaa umeegemea mti mpana kuliko mabega yako, na usivae chochote chekundu, cheupe au cha buluu, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Ukimwona mwindaji mwingine, mwite kwa sauti ya kibinadamu, usimpungie mkono.

Kabla ya kumsogeza ndege unamwandika kwenye kumbukumbu zako za mawindo, na kabla ya saa sita usiku uwe umemripoti kwa simu au intaneti. Wanaoona urasimu huu ni kero wakumbuke kwamba Kentucky ndege hawa karibu watoweke, wakarudishwa kwa kunaswa kwa nyavu na kuhamishwa kati ya 1978 na 1997. Nyama yake si ile ya dukani. Kifua ni kizuri kikikatwa vipande vyembamba. Mapaja yana mishipa ya kukimbia milima. Mchuzi wa nazi, moto mdogo, na subira.

Mwenzangu mmoja ameniomba nimwazime vifaa msimu ujao ajaribu kabla ya kununua. Boksi aje achukue hata leo. Kiwambo hakiazimwi, kimekaa kinywani mwangu. Sahani siitoi.